Mpungi Haukatwi

Baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, lilipulizwa mara ya kwanza, watu wakakaa. Likapulizwa mara ya pili, wakakaa vilevile. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea Ighonji. Sisi Wapare tunataniwa kwa mengi, eti mtu wetu yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nasi tunacheka kwa sababu ni kweli. Lakini uitwe msaragambo halafu ubaki ndani umekunja miguu? Hilo hapana. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ikibomoka, mfereji ukizibwa na maporomoko, baragumu likilia tu, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, hata nyumba yenye msiba. Asubuhi ile milango yote ilikuwa imekomewa kwa ndani.

Naelijwa alikuwa jikoni, amemshika mwanawe mabegani. Nanzia, mwenye miaka tisa, alikuwa anakunywa maji. Alichota kata, akaimaliza, akachota nyingine. Maji yakamtoka puani, akaendelea kunywa.

"Basi, mwanangu. Tumbo litapasuka."

"Si mimi mwenye kiu, mama. Ni yeye."

"Najua ni yeye."

"Basi mbona nikinywa hayamfikii?"

Naelijwa akamnyang'anya kata, akaigeuza geuza mkononi kama mtu aliyesahau inavyotumika. Yeye aliyekuwa na kiu alikuwa mkulo, mti mkubwa uliosimama kule juu kwenye mpungi, kichaka cha mizimu ya ukoo kinachofunika chemchemi ya kijiji. Nanzia alikuwa ameungwa nao tangu ana miaka sita.

Wa mjini huuliza: mtoto anaungwaje na mti? Kwa uzi. Na uzi wenyewe si waya. Ni kitu hai kinachooteshwa maabara, chembamba kuliko utando wa buibui. Daktari anauingiza chini ya ngozi nyuma ya sikio, nao unajitafutia njia mpaka ndani ya ubongo, pale pale ambapo binadamu humwonea mwenzake huruma. Uzi pacha wake unaoteshwa ndani ya gome la mti. Kuanzia siku hiyo mti ukikosa maji, mtoto anakauka koo. Dumuzi akitoboa gome, mtoto anajikuna ubavu. Mvua ikinyesha, mtoto anacheka peke yake darasani na mwalimu hamkaripii, maana anajua. Habari zinakwenda upande mmoja tu: mti unasema, mtoto anasikia. Akifika miaka kumi na mitano uzi unayeyuka pole pole wenyewe, na kinachobaki ni mtu mzima asiyeweza kupita penye mche ulioanguka asiinue.

Na ulifanya kazi, uongo dhambi. Kizazi cha kina Naelijwa kilikua kimeinamia vioo vya simu. Mtoto alikuwa anaujua uso wa mchezaji mpira wa Ulaya na haujui mti uliompa kivuli yeye na mbuzi wake. Milima ilichomwa mkaa mpaka ndiva ikakauka, vijana wakaifanya uwanja wa mpira. Watoto wa uzi ndio walioirudisha misitu. Baba gani angebeba panga kwenda kuchoma mkaa huku binti yake amejikunja mlangoni, koo limemkauka kwa sababu mlima umekosa maji? Mwaka wa tatu wa nyuzi, chemchemi ilitoka tena, na wazee walishuka kuoga humo na nguo zao.

Kosa lilikuwa la wazazi, na lilitoka kwenye mapenzi. Daktari Lulandala, yule dada wa Kibena aliyezileta nyuzi, alisema tangu mwanzo: watawanyeni watoto, kila mmoja na mti wake, mahali pake, tena miti michanga. Kijiji kikakaa kikao, kikakataa. Mti mchanga una mbuzi, una mwizi wa fito, una moto. Nani atamfunga mwanawe kwenye mti utakaokatwa kesho? Upo mti mmoja tu Upareni usioguswa na mtu mwenye akili timamu, nao ni mti wa mpungi. Mpungi haukatwi. Hata tawi lililoanguka humo lenyewe haliokotwi kuni. Basi watoto wote wakaungwa na miti ya mpungi, wazazi wakarudi nyumbani wamefurahi kwamba wamemzidi akili daktari.

Ukoga mweusi, ugonjwa unaoozesha miti, ulipokuja, ulianzia mpungini.

*

Mara ya tatu baragumu halikupulizwa. Mzee Semboja, msimamizi wa ndiva, aliliweka kwapani, akapita nyumba hadi nyumba akigonga kwa fimbo.

"Naelijwa! Toka, mama. Toka na mtoto."

"Sitoki."

"Unajua sheria."

"Nitoze faini, mzee. Nitoze mbuzi, nitoze shamba lote la tangawizi. Sitoki!"

Naelijwa alingoja maneno makali, kwa sababu Semboja alikuwa na ulimi wa upupu na kijiji kizima kilimjua. Badala yake alisikia mzee anajikohoza, halafu anakohoa tena.

"Nina mjukuu aliyeungwa kule juu, mwanangu," alisema. "Usiku kucha alikuwa anakwangua ukuta kwa kucha. Tazama Mkomazi."

Naelijwa akafungua dirisha. Mbali chini, juu ya nyika ya Mkomazi, wingu lilikuwa limejaa toka upande hadi upande, jeusi chini, nalo lilikuwa linapanda mlima. Watu walikuwa wameiomba mvua hiyo makanisani na misikitini. Sasa hakuna aliyetaka kuitazama. Ukoga ulitembea taratibu kwenye mizizi, mti hadi mti, lakini mvua moja tu ingetosha kuuosha kutoka mpungini na kuumwaga kwenye msitu wote wa chini, hadi ndiva. Miti ya mpungi ilitakiwa iangushwe na kuchomwa kabla ya tone la kwanza.

"Mama, twende," Nanzia alisema nyuma yake. Alikuwa amekwisha vaa kandambili.

*

Walipanda. Nanzia alitembea kama atembeavyo siku zote, macho chini, akiruka majani fulani na kuzunguka mengine, akimwambia mama yake, "Hapo pana mche," na mama akiruka. Hata siku ile. Koo lilikuwa limemkauka sauti ikawa kama ya bibi, na bado alikuwa anahesabu anakokanyaga mtu mwingine.

Ee Mungu, aliwaza Naelijwa, mtoto kama huyu ulinipa wa nini, kama ni kunichezea?

Mpungini watu walikuwa wamejazana kwenye ukingo, wamebeba mashoka na misumeno ya mikono. Msumeno wa injini ulikatazwa, kwa sababu unarusha unga wa mti hewani na unga ndio mbegu ya ukoga. Ilibidi miti ile iangushwe kizamani, pigo kwa pigo. Daktari Lulandala alisimama juu ya jiwe, nywele timutimu, macho mekundu. Alikuwa anampa kila mzazi kitu chembamba, rangi ya fedha, mfano wa kalamu.

"Nitasema yote, msije mkasema mlifichwa," alisema. "Kuutoa uzi taratibu kunataka miezi. Miezi hatuna. Kalamu hii inaukata mara moja. Unaiweka nyuma ya sikio, unabonyeza, maumivu yanaisha palepale. Lakini uzi umeota pamoja na huruma ya mtoto, umesukana nayo kama ukili. Ukikata, unakata vyote viwili."

"Vinaota tena?" aliuliza baba mmoja.

"Havioti."

Hakuna aliyeuliza kukoje, maana walikwisha sikia habari za kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambako nyuzi zilikatwa wakati wa moto. Watoto wa kule ni wazima, wana afya, hesabu wanazijua. Mmoja wao alishinda chumbani na maiti ya bibi yake toka asubuhi mpaka mama yake aliporudi shamba. Alipoulizwa kwa nini hakuita watu, alisema hakutumwa.

"Na tukiacha uzi?" Naelijwa aliuliza. "Tukikata mti na uzi upo?"

Daktari akamtazama, kisha akamtazama Nanzia, akashindwa kuondoa macho. "Atasikia kila pigo. Nisikudanganye, mama. Wengi nadhani watavuka. Mwingine moyo unaweza usihimili. Sijui ni yupi."

"Wape basi dawa ya usingizi!"

"Tulijaribu kwa mmoja juzi. Usingizi hauzuii uzi. Mtoto anaumia vilevile, ila hawezi kukwambia."

Mzee Semboja akapiga fimbo chini. Akaita majina ya wenye mashoka. Hakuna aliyesogea. Watu waliangalia miti, wakaangalia watoto, na kila mti ulikuwa na uso. Ule pale ni Nambike wa mama yule muuza chai. Ule uliopinda ni mjukuu wa Semboja mwenyewe. Mtu akasema basi waletwe wapasua mbao kutoka Same, watu baki. Akazomewa. Mtoto wa mwenzio humchapi kofi bila ruhusa ya mzazi, sembuse hili? Na wapasua mbao watakuja lini, na wingu lile pale?

"Basi kila mzazi na mti wa mwanawe," Semboja alisema hatimaye. "Pigo la kwanza ni la mzazi. Baada ya hapo ndugu wataendelea. Na habari ya kalamu ni ya kila mtu na mtoto wake. Atakayemsema mwenzake leo, namtoza mimi."

*

Mkulo wa Nanzia ulikuwa na shina ambalo watu wawili wakishikana mikono hawalimalizi. Gome lilikuwa limepasuka kwa chini, na ndani ya nyufa mlikuwa na weusi unaong'aa. Nanzia aliketi kwenye mzizi, akaegemeza shavu.

Naelijwa alichuchumaa mbele yake, kalamu kiganjani.

"Umemsikia daktari?"

"Nimesikia."

"Hii hapa haiumi. Nabonyeza mara moja tu, tunarudi nyumbani."

"Halafu niwe kama wale wa ng'ambo?"

"Utakuwa hai, Nanzia!"

Mtoto akafikiri. Alikuwa na tabia ya kuuma kola ya gauni akifikiri, na sasa aliiuma. "Mama, bibi alipokuwa anakufa, wewe ulikaa naye. Mjomba Kiondo akakwambia nenda kalale, ukakataa. Ulisema mtu hafi peke yake na wa kwake wapo."

"Yule alikuwa mama yangu."

"Na huyu ni wangu. Hajui kwa nini mnamkata. Mimi nikitoka atabaki hajui kitu, na hana mtu." Machozi yalimshuka, lakini sauti alishaikaza. "Usinikate mimi, mama. Kata mti. Niahidi."

Naelijwa alitamani kumpiga. Alitamani kumbeba mgongoni, akimbie naye mpaka Same, mpaka Moshi, mpaka mahali pasipo na mti hata mmoja. Alikuwa anamwogopa mtoto wake mwenyewe, huyu mdogo aliyekuwa mkubwa kumzidi, na bado alimwonea fahari. Si ndiye aliyemlea hivi? Si ndiye aliyempeleka kwa daktari kwa mkono wake, amemvisha gauni jipya?

"Nakuahidi," alisema. Akaifunga kalamu kwenye pindo la khanga. Nanzia alimwona akiifunga.

Kiondo, kaka yake, akampa shoka. Huyu Kiondo alikuwa mtu wa mzaha, hata msibani hakosi neno, lakini leo alikuwa amefumba mdomo kama aliyeng'olewa meno. Naelijwa alisimama mbele ya mti. Mpungini humo aliingia mara chache sana maishani, na kila mara alivua viatu. Akavivua. Akainua shoka.

Pigo la kwanza halikuingia hata inchi moja. Nyuma yake Nanzia alitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, halafu akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Naelijwa akaliacha shoka palepale kwenye gome, akamkimbilia.

*

Kiondo alipiga. Alikuwa na nguvu, mwanaume wa kupasua mbao, na alipiga haraka akijua haraka ndiyo huruma pekee iliyobaki. Naelijwa alimpakata mtoto, kifua kwa kifua, mikono imemzunguka. Kila shoka lilipotua mwili wa Nanzia ulikakamaa wote, toka kisigino hadi kisogo, ukalegea, ukakakamaa tena. Pembeni yao shoka jingine lilikuwa linakata mti wa Nambike, na mama yake, yule muuza chai, alikuwa amemlalia binti yake kabisa chini, anamwimbia wimbo wa kubembeleza watoto wachanga kwa sauti ya juu, anaukosea maneno.

"Mjomba!" Nanzia alilia. "Mjomba, usisimame! Ukisimama anaumia zaidi!"

Kiondo alikuwa amesimama kufuta machozi. Akapiga tena.

"Bado?" Naelijwa alipiga kelele.

"Nusu!"

Nusu. Alikuwa amedhani wamekaribia kumaliza. Nanzia aliacha kulia kwa sauti. Midomo iligeuka rangi, macho yakapanda juu, na Naelijwa, aliyekuwa ameweka kiganja chini ya ziwa la kushoto la mtoto, alisikia moyo ukienda mbio, ukaenda mbio zaidi, kisha ukaruka. Ukangoja. Ukapiga mara moja. Ukaruka tena.

"Nanzia. Nanzia! Mwanangu, niangalie!"

Hakuangalia.

"Usikate, Naelijwa!" Mama Nambike alipaza sauti kutoka chini alikokuwa amelala. "Vumilia, dada yangu, bado kidogo! Bado kidogo!"

Bado kidogo ni neno la mtu ambaye moyo wa mwanawe haujaruka. Naelijwa alifungua pindo la khanga kwa meno. Aliikumbuka ahadi, tusiseme aliisahau. Aliikumbuka neno kwa neno, na akaiweka kalamu nyuma ya sikio la mtoto akijua anachokifanya, na akabonyeza.

Haikuwa na mlio. Mwili wa Nanzia ulilegea mara moja, mzima mzima. Kwa muda Naelijwa alidhani amemuua. Halafu akasikia chini ya kiganja moyo unapiga, pu, pu, pu, sawasawa, wa mtoto aliyelala mchana.

Alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimbusu usoni, machoni, kwenye nywele zenye unga wa mbao. "Umepona, mwanangu. Umepona, umepona."

Shoka la Kiondo liliendelea. Nanzia alijitoa mikononi kwa mama yake, akakaa, akajifuta kamasi kwa pindo la gauni. Rangi ilikuwa imemrudia. Alitazama kule mjomba wake anakopiga na hakupepesa.

Mti wa Nambike ulitangulia kuanguka. Ardhi ilitetemeka, na kilio kilichomtoka yule mtoto kiliwafanya watu wazima waliokuwa mbali waangushe zana zao. Alitapika. Alijipinda. Naelijwa alimwona Daktari Lulandala anakimbia, anapiga magoti, anashika mkono, anahesabu kwa midomo. Kisha daktari akakaa chini kwenye majani, akainua uso.

"Yupo," alisema. "Amevuka. Yupo, mama."

Nambike alikuwa amekumbatia shingo ya mama yake analia, kilio cha kawaida sasa, cha mtu aliyefiwa, na mama yake analia naye, anacheka, anamwambia lia, lia mwanangu, lia yote. Nambike alikuwa mdogo kwa Nanzia kwa mwaka mzima, mwembamba, mtoto wa pumu.

Naelijwa alimtazama mtoto huyo wa pumu, na kitu ndani yake kikakaa chini kisiinuke tena. Labda moyo wa Nanzia usingevuka. Labda ungevuka. Hilo hakuna atakayemwambia, si daktari, si mizimu, si Mungu siku ya kiama.

Mkulo wa Nanzia ukaanguka na sauti kubwa kuliko yote. Hakuna aliyeulilia. Tone la kwanza la mvua lilianguka wakati wanaume wanautia moto, likafuatwa na mengine, lakini moto ulikuwa umekwisha shika. Mzee Semboja alipita akisema wamewahi, jamani, wamewahi, msitu umepona.

"Mama," Nanzia alisema. "Nambike ana nini?"

"Analia."

"Anaumwa bado?"

"Hapana. Analilia mti wake."

Nanzia alimwangalia Nambike kwa makini, kisha akaangalia gogo linaloungua, kisha akamrudia mama yake. Alikuwa anatafuta kitu anachotakiwa kukiona, kama kwenye ubao wa darasani, na alikuwa mtoto mtiifu, alitafuta kweli.

"Si mti tu?" aliuliza.

Naelijwa alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akalia mdomo ukiwa kwenye bega la mtoto, alilia kama hajapata kulia hata siku ya mama yake. Nanzia hakumsukuma. Hakumshika pia. Alikaa ametulia mvua ikimlowesha, mikono mapajani, akimngoja amalize.

"Tayari, mama?" alisema baada ya muda. "Twende. Nina njaa."